Bakuli la Alhamisi

Verlin Kucera alikuwa na funguo za mikahawa kumi na mmoja, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumfungulia mlango. Alikuwa dereva wa ghala la chakula pale Grand Island, Nebraska, na kazi yake ilikuwa kuifikia mikahawa ya Hobbie's kabla haijaamka. Anafungua mwenyewe, anazima king'ora, anashusha katoni kwa toroli, anazipanga kwenye friza, anafunga, anaondoka. Wapishi wakija wanakuta viazi vimefika na nyama imefika. Nani kavileta, hakuna anayeuliza. Kwa miaka ishirini na miwili aliwalisha watu wa magharibi mwa jimbo letu, na ukimsimamisha njiani hakuna anayemjua, labda askari wa mizani.

Nyumbani napo hakukuwa na kelele. Mkewe Bonita aliondoka miaka minane nyuma, kwa upole kabisa, akaacha hata sufuria zimeoshwa. Binti yao yuko Oregon, hupiga simu Sikukuu ya Shukrani, wanaongea habari za theluji mpaka theluji inawaishia. Upweke wa namna hii hauna kisa. Hakuna aliyemkosea mwenzake, hakuna wa kumlaumu, na ndiyo maana hauna dawa.

Lakini kulikuwa na Alhamisi. Alhamisi kituo chake cha mwisho kilikuwa mji mdogo wa Harlow, na meneja wa Hobbie's ya Harlow, Twila Oberg, alikuwa na desturi ya kufika saa kumi na moja alfajiri, saa nzima kabla ya kufungua, ili awashe makaango mwenyewe. Hamwamini mtu na makaango yake. Siku moja alimkuta Verlin anapanga katoni, akamwambia keti, akamtengenezea mkate wa siagi wenye yai na soseji. Hakutumwa na mtu. Wiki iliyofuata akafanya tena, na tena, ikawa miaka minne. Dakika ishirini, meza ya karibu na dirisha, taa za nje bado zimezimwa. Usicheke. Nawajua watu wenye ndoa za miaka arobaini ambao hawaongei dakika ishirini kwa wiki.

"Umechelewa dakika sita," Twila humwambia. "Nilishaanza kutafuta mwanamume mwingine."

"Umempata?"

"Yuko mmoja, ila ana meno yote. Nikaona atanisumbua."

Basi Verlin hucheka, na kicheko hicho humfikisha Alhamisi nyingine.

Mwezi wa Septemba alikwenda kupimwa. Sheria ya huku ni kwamba dereva wa lori kubwa lazima awe na kadi ya afya; bila kadi huendeshi hata hatua moja. Daktari Renner alimfunga mkanda wa presha mkononi, akaujaza upepo, akaangalia, akaujaza tena.

"Mia na sitini na nane juu ya tisini na nane," akasema.

"Labda mashine yako inanichukia, daktari."

"Mashine haikujui, Bwana Kucera. Nakupa kadi ya miezi mitatu tu. Desemba ukirudi hujashuka mpaka mia na arobaini kwa tisini, lori utaliaga. Nitakuandikia kidonge. Na uache kula vile vitu."

"Vitu gani?"

"Hivyo unavyobeba."

Verlin alitoka pale na kadi yake mkononi. Hakuwaza kiharusi wala moyo. Aliwaza Alhamisi. Kadi ikienda, njia inakwenda, na Harlow inakwenda nayo. Mtu wa miaka hamsini na tisa aliyezoea kuongea na redio hataanza leo kutafuta rafiki.

Ikawa kama bahati imemwonea huruma. Wiki ileile Hobbie's walikuja na menyu mpya. Ubao wote wa juu ya kaunta ukageuzwa rangi ya kijani, ukachorwa majani na matone ya umande, na katikati likatangazwa Bakuli la Shamba: letusi, kuku wa kuchoma, mahindi, jibini kidogo, sosi pembeni. Ubavuni pameandikwa kalori mia nne na themanini, kwa tarakimu kubwa za kuonekana hata na aliyesahau miwani. Verlin alimweleza Twila maneno ya daktari, akitazama meza. Twila alirudisha soseji kwenye karatasi yake papo hapo.

"Nisikilize, bwana wee. Soseji kwaheri. Kuanzia leo wewe unakula bakuli."

"Majani? Mimi ng'ombe?"

"Ng'ombe ana presha?"

"Sijawahi kumpima."

Twila hakucheka. Alikaa, akakunja mikono juu ya aproni. "Dale wangu alikuwa anakula hapa hapa. Kiti hicho ulichokalia. Nilikuwa nampakulia mimi, mkono huu. Miaka hamsini na minne, Verlin, akaanguka hapo nje kwenye maegesho, ufunguo wa gari mkononi." Akatazama dirishani. "Nimewakaangia watu wa mji huu miaka kumi na tisa. Kila mazishi ninayokwenda najiuliza ni viazi vyangu vingapi vimo kwenye sanduku lile. Na sasa hatimaye wametuletea chakula cha watu. Wewe nitakuponya. Unanisikia? Nataka nimwone mmoja amepona kwa mkono wangu."

Nani angesema hapana? Verlin alilila lile bakuli. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata maagizo, akalila Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa pia, katika kila Hobbie's iliyokuwa njiani baada ya kazi, kwa sababu katika miji ile ni Hobbie's au ni soda na karanga za kituo cha mafuta. Mwezi wa kwanza akapunguza ratili saba. Wa pili zikafika kumi na moja, akatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari. Twila alimgeuza huku na huku kama mshonaji.

"Umebaki mifupa. Hebu nikuongezee kuku." Akamwekea kuku mara mbili, jibini konzi nzima, na pakiti mbili za sosi akazimimina mwenyewe asije akazisahau.

Mwenyewe Verlin alikuwa ameanza kuamini kwamba dunia inabadilika, maana ushahidi ulipita mikononi mwake. Kabla ya ubao wa kijani alishusha katoni moja ya letusi kwa kila katoni thelathini za viazi. Sasa zilikuwa tano. Alizisukuma zile tano kwa heshima. Lakini ilipofika Novemba zilirudi tatu, kisha mbili, na mapipa ya nyuma yalijaa majani yaliyonyauka ndani ya mifuko ambayo haikufunguliwa. Viazi havikupungua hata katoni moja. Watu wa kwetu walikuwa wanausoma ubao wa kijani, wanafurahi, wanapongeza, halafu wanaagiza baga na chipsi kubwa. Ubao uliwafanya wajisikie vizuri zaidi walipokuwa wanazila, basi.

Tatizo ni kwamba presha haikushuka. Alinunua kipimo cha duka la dawa, akawa anajipima asubuhi akiwa kitandani, kidonge amemeza, mwili mwepesi. Mia na sitini na tatu. Mia na sitini na moja. Mia na sitini na nne. Akadhani kipimo ni kibovu, akanunua kingine. Cha pili nacho kikasema yaleyale.

Alhamisi ya pili ya Novemba theluji ilianguka mapema, Twila akachelewa. Verlin alimaliza kushusha, akakaa juu ya katoni moja ndani ya korido, miwani puani, hana hata gazeti. Mtu aliyekaa bure husoma chochote kilicho mbele yake. Mbele yake palikuwa na katoni ya kuku wa kuchoma, aliyemshusha yeye mwenyewe mara mia, na pembeni ya katoni herufi ndogo zilisema kuku huyo amelowekwa katika maji ya chumvi. Chini yake kulikuwa na kipimo cha chumvi kwa kila kipande. Verlin akakisoma mara mbili. Akainuka, akageuza katoni ya sosi. Akageuza jibini. Akageuza hata mahindi.

Bakuli moja, kama Twila alivyolipakua, lilikuwa na chumvi zaidi ya ile anayotakiwa kula mtu mwenye presha kwa siku nzima. Mikate miwili ya soseji ya zamani ilikuwa na afadhali.

Ubao haukudanganya. Kalori zilikuwa ni zilezile zilizoandikwa, kwa mtu asiyemimina sosi na asiyependwa na mpishi. Ila ubao ulitaja tarakimu moja tu, na Verlin, na mimi, na karibu kila mtu wa nchi hii, tukiona tarakimu moja kubwa tunadhani imejumlisha kila kitu. Tunahesabu tulichoandikiwa. Alisimama koridoni kati ya zile katoni, amepigwa na butwaa, akajiona mjinga wa kupindukia, maana hakuna mtu Nebraska nzima aliyezishika herufi zile mara nyingi kumpita.

Ndipo Twila akaingia, theluji juu ya kofia, anahema.

"Usiseme kitu, najua nimechelewa. Presha imefika ngapi?"

Verlin akafungua mdomo.

"Subiri, kwanza nikuambie," Twila akaendelea, ananawa mikono. "Jumapili niliwaeleza akina mama wa kanisani habari zako. Mchungaji mwenyewe amesikia. Nikawaambia yuko mtu wangu, dereva, amepunguza ratili kumi na moja kwa bakuli langu, na bado. Unajua nililala, Verlin? Nililala usiku kucha. Tangu Dale sijalala hivyo." Akageuka na taulo mkononi. "Haya, ngapi?"

"Inashuka," Verlin akasema.

Akala bakuli lote.

Tangu siku hiyo, siku nyingine za wiki akabadilika kweli. Alichemsha maharage nyumbani Jumapili bila chumvi, akayatia kwenye vikopo, akawa anayala baridi ndani ya lori, peke yake, kioo kimejaa mvuke. Yalikuwa hayana ladha hata kidogo na yalimsaidia sana. Mia na hamsini na tano. Mia na arobaini na tisa. Mwanzo wa Desemba mia na arobaini na moja. Lakini Alhamisi alikula bakuli. Kila Jumatano alijiambia kesho namwambia, na kila Alhamisi alipomwona Twila anavyopasua pakiti ya sosi kwa meno, amefurahi, alichukua uma akala. Aliogopa vitu viwili. Aliogopa kumrudishia mazishi yake yote yale. Na aliogopa, hili ndilo kubwa ingawa hakulisema hata moyoni, kwamba wasipokuwa na chakula hawatakuwa na sababu ya kukaa.

Siku ya daktari ikaangukia Alhamisi, saa nne asubuhi. Twila alijua. Alimtengenezea bakuli la kumsindikiza, kubwa kuliko yote, akalibandika kijibendera cha karatasi.

"Mia na arobaini na sita," alisema Daktari Renner. Akamlaza dakika kumi kwenye chumba chenye giza, akarudia. "Mia na arobaini na nne. Ulikula nini leo asubuhi?"

"Saladi."

"Vizuri sana," daktari akasema, akaandika. Kisha akavua miwani. "Pole, Bwana Kucera. Kwa nne tu. Lakini sheria ni sheria."

Kama ni bakuli lile, au ni moyo wake mwenyewe uliokuwa unampiga kwa woga, hilo hakuna mashine ya kulipima. Jumatatu alirudisha funguo kumi na moja. Ghala likampa kazi ya ndani, kubandika lebo na kupanga mizigo ya wenzake, na njia ya magharibi ikapewa dereva mwingine, moja kwa moja. Aliwaza kumpigia Twila. Hapo ndipo alipogundua kwamba kwa miaka minne hawakuwahi kupeana namba za simu. Hawakuwahi kuzihitaji.

Alivumilia wiki tatu. Ya nne, Alhamisi yake ya mapumziko, aliwasha gari lake dogo akaendesha kwa saa mbili na nusu hadi Harlow. Alifika saa mbili asubuhi imepita, mkahawa umejaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kwa mlango wa wateja, akausukuma kumbe unavutwa. Wakulima walikuwa wamepanga foleni na makoti yao mazito. Akasimama nyuma yao kama mteja yeyote, mikono mifukoni, hajui aitazame kaunta au sakafu.

Twila alikuwa na kile kipaza sauti cha kichwani, anaongea na magari ya dirishani huku anapokea pesa za waliosimama. Alipoinua macho akamwona, uso wote ukamfunguka.

"Ulipotelea wapi wewe? Wameniletea mtu hata salamu hajui. Nimekula peke yangu mwezi mzima."

"Wamenibadilishia kazi."

"Wamekupandisha?"

"Hivyo hivyo."

"Na presha?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Twila alikuwa ameegemea kaunta kwa viganja vyote viwili, anasubiri, kama mtu anayesubiri matokeo ya mwanawe.

"Imeshuka," Verlin akasema.

"Merle!" Twila akamwita mzee aliyekuwa nyuma ya Verlin, mwenye kofia ya kampuni ya mbegu na uso wa rangi ya majivu. "Unamwona huyu? Ndiye niliyekuwa nakuambia. Daktari alishamkatia tamaa. Muulize amepona kwa kula nini."

Merle alimtazama Verlin kwa makini, akatazama ubao. "Mimi wiki iliyopita wamenitia vibomba viwili kwenye mishipa ya moyo," akasema. "Haya, nipe kama la huyu. Kama lake lile lile, usinipunje."

"Sijawahi kumpunja mtu," Twila akasema, na akawawekea wote wawili kuku mara mbili.

Meza zilikuwa zimejaa, Merle akaja kukaa na Verlin, ileile meza ya karibu na dirisha. Akavua kofia, akamimina sosi, pakiti zote mbili, akainua uma. Miaka mingapi imepita tangu mtu mwingine, asiye Twila, akae mbele ya Verlin kula? Alikuwa mzee mwenye mazungumzo. Alianza papo hapo habari ya mkewe anavyomfichia chumvi nyumbani, na jinsi atakavyomkomesha leo kwa kurudi amekula majani. Ingetosha Verlin anyamaze na acheke. Pengine Alhamisi ijayo mzee angekuwepo tena.

"Imekuchukua muda gani kupona?" Merle akauliza, uma umefika mdomoni.

Verlin akaweka wake chini. "Sijapona. Wameninyang'anya lori."

"Unasemaje?"

"Hilo bakuli lina chumvi ya siku nzima, mzee. Kuku analowekwa. Sosi ndiyo mbaya zaidi. Nimezibeba, nimesoma kwenye katoni. Mkeo yuko sahihi."

Merle aliutazama uma wake, kisha akatazama juu ya bega la Verlin. Verlin akageuka. Twila alikuwa amesimama pale na birika la kahawa. Alikuwa ametoka nyuma ya kaunta, foleni ikiwa imesimama, kuja kumjazia kikombe.

"Tangu lini unajua?" akauliza polepole.

"Tangu ile siku ya theluji."

"Na ukala. Wiki nne ukala, mimi namimina."

"Ungejisikia vibaya."

"Kwa nini hukuniambia, Verlin?"

Alitaka kusema habari ya Dale na ya usingizi wake, lakini hiyo isingekuwa kweli yote. "Nilidhani nikilikataa bakuli hutakuwa na sababu ya kukaa nami," akasema.

Twila aliliweka birika mezani. "Ningekupikia uji," akasema. "Ningekupa maji ya moto, nikakaa. Ulidhani nilikuwa nakaa kwa ajili ya saladi?"

Kabla Verlin hajajibu, kipaza sauti kilikoroma sikioni mwa Twila. Gari liko dirishani. Akabonyeza kitufe shingoni, akawapa mgongo, na ile sauti yake ya kazi ikatoka nzima, changamfu, "Karibu Hobbie's, nikupatie nini leo?" Akasikiliza. Macho yake yakapanda kwenye ubao wa kijani, yakatulia hapo.

"Bakuli limekwisha," akasema. "Hapana, mpenzi. Hata kesho."

Akarudi nyuma ya kaunta. Merle alilisukuma bakuli lake katikati ya meza, akavaa kofia, akamgusa Verlin begani, akaondoka. Foleni ilipungua, ikajaa tena, ikapungua. Kila mara kaunta ilipokuwa wazi Verlin aliinua kichwa, na kila mara Twila alikuwa amegeukia makaango, anapangusa pasipohitaji kupanguswa. Verlin alikaa mpaka saa tano. Hakuna aliyekuja kukaa.